Kuongoza Watu Walionyamaza

Kamanga, Sengerema
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama. Sisi huku hatujambo. Obedi ameng'oka jino la mbele, na siku hizi anacheka kafunga mdomo.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Ni Pius aliyenishauri. Nilimwambia nina jambo nataka kumuuliza baba yake, akacheka kweli kweli. Akasema, "Kwa simu hasikii, na ukienda mwenyewe atageukia ukuta kwa sababu wewe ni mkwe. Mwandikie. Baba anasoma hata gazeti lililofungia maandazi." Basi naandika, na naomba usiuone kuwa ni utovu wa adabu.

Baba, wanawake wanaokausha dagaa hapa mwaloni, panapotua mitumbwi, wameniajiri niwe meneja wa ushirika wao. Ni kazi ya majaribio ya nusu mwaka. Ikiisha, wanachama wote watakaa kikao na kuamua nibaki au niondoke. Kikao kitakuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mwezi ukiwa mkubwa, maana mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa haitoki na watu wanapata nafasi. Unajua jinsi tulivyoishi, mimi Dodoma na Pius Mwanza, mtoto akimwona baba yake sikukuu kwa sikukuu. Sasa anavuka kwa pantoni kila wiki anakula nyumbani. Wakinikataa narudi Dodoma. Kazi hii naitaka, Baba, naitaka sana.

Shida ni kwamba sijawahi kuongoza mtu. Ushirika nimeusoma chuoni, naujua kwenye karatasi. Mwanzoni walinipokea vizuri, wakanifundisha hata kugeuza dagaa kwenye kichanja bila kuwavunja. Siku hizi naona wamebadilika. Nikifika wanatawanyika. Nikiuliza jambo naambiwa, "Sijui, meneja." Nadhani wananipima nguvu.

Pius anasema umefanya kazi nyingi kuliko mtu yeyote anayemfahamu, na kila kazi ilikuwa na mkubwa wake. Naomba uniambie kuhusu hao wakubwa. Nani aliweza kuongoza, na aliwezaje?

Mkweo,
Josepha Mutalemwa, Mama Obedi


Usagara, Misungwi
27 Julai 2025

Mama Obedi,

Marahaba, mama. Hapa tuko wazima, ila mama yenu magoti yanamsumbua na mimi masikio ndiyo hayo hayo.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, nikamsomea mama yenu, halafu nikaenda kuisoma tena nyuma ya zizi ili nisionekane. Unajua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo hilo? Katika ukoo huu mimi ni mfano wa kutishia watoto. Kijana akiacha kazi anaambiwa, "Unataka kuwa kama Shigela?" Jineri, pantoni, jikoni kwenye chuo cha ualimu kule Butimba, kupakia mizigo hapa njia panda, kuuza chumvi, kulinda. Kaka yangu Shimba alikaa ofisi moja mpaka wakampa saa ya ukutani na cheti. Mimi sina saa. Leo umeniuliza kana kwamba muda wote ule nilikuwa shuleni. Wabeja, mwana wa watu. Wabeja sana. Ndivyo tunavyosema asante huku, na kama Pius hajakufundisha, aibu ni yake.

Sasa sikia. Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa jineri, kwenye kuchambua pamba. Msimamizi wetu aliitwa Chenge, mtu mfupi, kofia haitoki kichwani. Pamba inaingia mtamboni, na ikiwa ndani yake kuna jiwe au kipande cha chuma, hapo cheche inaruka na jengo zima linawaka. Kwa hiyo Chenge hakuwa na maneno mawili. Akisema hapana ni hapana. Siku moja mpwa wa mwenye mali aliingia na sigara mdomoni. Chenge aliichomoa, akaizima kwenye kiganja cha mkono wake mwenyewe, akamwonyesha mlango. Sisi tulidhani kazi yake imekwisha. Kesho yake akaja na kofia yake vile vile. Tulimwogopa yule mtu, lakini wote tulirudi nyumbani na ngozi zetu, na mpaka leo namshukuru.

Basi wanaokupima, waonyeshe. Andika masharti, yabandike mlangoni, na usimbembeleze mtu. Watakuheshimu.

Msalimie Obedi. Mwambie jino litaota, acheke tu.

Mimi baba yako,
Shigela


Kamanga
3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Asante kwa barua, na asante kwa Chenge. Nimemsimulia Obedi habari ya sigara na kiganja, na sasa anataka kuwa msimamizi wa jineri.

Masharti nimeyabandika. Muda wa kufika, muda wa kupumzika, hakuna kuzurura, kila mtu abaki kwenye kichanja chake. Wameyatii, Baba. Wameyatii mpaka nywele zinanisimama. Zamani walikuwa wanaimba wakianika, wanataniana, mwenye mume mkali anasemwa mchana kutwa. Sasa nasikia fagio tu na ndege.

Alhamisi wingu lilitokea upande wa visiwani, mvua ambayo si ya majira haya. Kawaida anayeliona kwanza anapiga kelele, na wote wanakimbia kuokoa dagaa, hakuna cha kichanja changu wala chako. Safari hii kila mmoja aliokoa wa kichanja chake. Vichanja vya ushirika viko katikati, na dagaa wake walikuwa wamekwisha kauka, wanangoja mnunuzi. Waliloa wote. Mimi nilikuwa ndani nazungumza na simu, mvua juu ya bati nikaisikia imekwisha shika kasi. Nilipotoka nikamkuta Kashindye, mwenyekiti wao, anapita dirishani kwangu na turubai kichwani. Nikamuuliza, "Mbona hukunigongea?" Akanitazama kwa upole kabisa. "Haikuandikwa, meneja."

Nimechoka, Baba. Na kinachoniuma ni kwamba nimewahangaikia. Kuna wanunuzi wa Kongo niliowapata mimi, mwezi wa sita. Siku walipokuja Mwanza ndiyo ilikuwa siku ya kumzika mama mkwe wa Kashindye, na ningewaacha wasingerudi. Nikavuka kwenda kukutana nao, nikatuma rambirambi kwa simu, na kwenye grupu letu nikaandika: "Poleni sana wafiwa. Kazi iendelee kesho." Bei niliyoipata hawajawahi kuiona. Hata asante sikupewa.

Niongeze masharti, au?

Mkweo,
Josepha


Usagara
10 Agosti 2025

Mama Obedi,

Mama! Hukuzika?

Nimefika kwenye mvua nikakunja uso. Nimefika kwenye msiba nikavua miwani nikaiweka chini. Mama yenu akaniuliza kuna nini, nikamwambia mkwe wetu ameandika kwenye simu kwamba kazi iendelee kesho. Akashika kichwa. "Mayo! Mama yangu!"

Usiniongezee masharti hata moja. Mimi ndiye niliyekupoteza. Chenge alikuwa dawa ya moto, na wewe ugonjwa wako ni mwingine kabisa, ila nilikupa dawa kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Nisamehe.

Huku kwetu msiba hauendewi na simu. Unaendewa na mikono. Mmoja anachota maji, mwingine anasenya kuni, wanaume wanachimba, na hata mwenye gari lake anakabidhiwa jembe. Usipofika, hakuna atakayekugombeza. Watanyamaza. Hawataomba moto kwako, hawatakuambia ng'ombe wameingia shambani kwako. Utaishi katikati yao kama umehama. Hakuna mahali ilipobandikwa, na hakuna asiyeijua.

Nilipokuwa mfunga kamba kwenye pantoni hapo hapo Kamanga, tulikuwa na nahodha anaitwa Revocatus. Kila mara kabla ya kuondoka alishuka kutoka kule juu, akaja kunywa chai na sisi tulionuka dizeli. Anauliza, lori lile limekaaje? Upande huu mnaonaje? Nahodha mwingine alimcheka kwamba anajishusha. Revocatus akamjibu, "Mimi kule juu naona mbele tu. Siku hawa watakapoacha kuniambia ya nyuma, nitarudi nyumbani kwa kuogelea." Mimi nilidhani anatania. Sasa nasoma habari ya Kashindye anapita dirishani na turubai, naona alikuwa anasema kweli. Watu wako wameacha kukuambia.

Najua ulikwenda Mwanza kwa ajili yao. Mimi nalijua na wao wanalijua. Lakini yule mama kizee alizikwa bila wewe, na bei nzuri haimfukii mtu.

Aliyetengwa huwa anawalisha watu ndipo anarudi. Peleka mbuzi kwa Kashindye. Fanya upesi, kikao kinakuja.

Baba yako,
Shigela


Kamanga
17 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Mbuzi amerudi.

Ngoja nikueleze vizuri, na ukitaka kucheka ucheke, mimi nimekwisha lia. Nilinunua mbuzi mzuri, mweupe, mnene. Nikaandika barua ya kuomba radhi kwa niaba ya ofisi, nikaigonga muhuri wa ushirika, nikaiweka kwenye bahasha. Mbuzi nikampakia kwenye bodaboda, nikamwelekeza dereva nyumbani kwa Kashindye, nami nikaingia ofisini kwa sababu kulikuwa na mkaguzi. Niliona nimefanya kama ulivyosema.

Asubuhi nafika ofisini, mbuzi huyo, kafungwa mlangoni. Bahasha iko shingoni, haijafunguliwa. Na kwa kuwa alikuwa na njaa na kamba ilikuwa ndefu, amekula masharti yangu yote aliyoyafikia. Imebaki pembe ya juu tu, panaposomeka "Tangazo". Wanawake walikuwa wanaanika kimya, hakuna aliyetazama upande wangu. Ila nilimwona mmoja mabega yanamtikisika, akajifanya anakohoa.

Nilifunga mlango nikalia, Baba. Sikulia kwa hasira, maana hata hasira sina. Nilimkumbuka mama yangu alipofariki Bukoba. Majirani walikuja na mikeka yao, wakalala kwetu mpaka tukaanza kuwazoea kama ndugu. Hakuna aliyetutumia kitu kwa simu. Nililelewa hivyo mimi! Miaka ile ya ofisi za Dodoma ndiyo imenifundisha kutuma badala ya kwenda. Hata mbuzi nimemtuma.

Kikao kinakaribia. Nifanye nini?

Mkweo,
Josepha


Usagara
21 Agosti 2025

Mama Obedi,

Samahani, tumecheka. Mama yenu amecheka mpaka magoti yakaacha kuuma kwa muda. Barua yenye muhuri shingoni mwa mbuzi! Lakini tulipomaliza kucheka tuliona unavyoteseka, na sisi tuko mbali, hatuna jinsi ya kukushika mkono.

Unaniuliza ufanye nini. Sijui, mama. Sitakudanganya. Msiba umepita, mbuzi amekataliwa, na mambo ya wanawake wa mwaloni mimi siyajui. Nimewaza kila kazi niliyofanya, nimekosa.

Ila katika kuwaza nimemkumbuka mtu mmoja, nami nakuandikia habari zake kwa sababu tangu uniulize, wale wakubwa wananijia kila siku, na wengi niliondoka bila hata kuwaaga. Huyu ni Odeta, mpishi mkuu kule Butimba. Mwanamke mwenye sauti. Maji yakikatika na chakula kikachelewa, wanachuo wanapiga sahani, Odeta anasimama dirishani peke yake, anatukanwa mpaka wanachoka. Halafu anaingia ndani, anafunga dirisha, ndipo anatugombeza sisi tuliochelewesha. Matusi ya nje hayakutufikia hata siku moja.

Basi siku moja alimtuhumu Ngosha, mwoshaji wa masufuria, kwamba ameiba mafuta ya kupikia. Alimsema mbele yetu wote. Baadaye dumu likaonekana, Odeta mwenyewe alilisogeza nyuma ya magunia ya maharage. Tulingoja aombe radhi. Hakuomba. Kesho yake akaja mapema, akakunja mikono ya gauni, akaketi mahali pa Ngosha, akaanza kusugua yale masufuria yaliyoungua. Ngosha akasimama pale hajui aende wapi. Akaambiwa, "Kaa kwenye kiti changu unywe chai." Alisugua wiki nzima, huku anaimba nyimbo za kanisani. Tulimpenda yule mama. Ngosha angeweza kumpigania na simba.

Sina maana yoyote kwa hadithi hii, nimeikumbuka tu. Tunakuombea.

Baba yako,
Shigela


Kamanga
31 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Unasema huna maana yoyote! Niliposoma habari ya Odeta niliweka barua mezani nikazunguka chumba. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Kashindye, kumbe wanangoja mikono ambayo haikuonekana.

Nikamuuliza mama mmoja muuza uji hapa gatini, ambaye si mwanachama na kwa hiyo anazungumza na mimi, siku ya msiba ule kazi gani ilikuwa ngumu. Akasema maji. Bomba liliharibika, ikabidi wanawake wachote ziwani, wapande nayo mpaka kwa Kashindye, na unajua kile kilima cha mawe kilivyo. Basi nikajua kazi yangu ni ipi.

Alfajiri nikaenda ziwani na ndoo, nikapanda. Kashindye alikuwa anafagia uwanja. Nikamimina kwenye pipa lake, nikashuka, nikapanda tena mpaka likajaa. Aliendelea kufagia, hata salamu yangu haikujibiwa. Kesho yake vile vile. Shingo iliniuma nikashindwa kugeuka, Pius akawa ananikanda kwa maji ya moto huku ananicheka. Nikaendelea. Siku moja nikiwa namimina, nikasikia nyuma yangu, "Ndoo hiyo inavuja."

Baba, nusura nicheze! Neno la kwanza tangu mwezi wa sita ambalo halina "meneja" mwishoni. Akaingia ndani akanitolea ndoo yake.

Baada ya hapo akaanza kuongea kidogo kidogo. Jana alinikalisha. Akanisimulia habari za marehemu. Kumbe miaka ya mwisho alikuwa haoni, lakini walikuwa wakimwaga dagaa kwenye turubai yeye anasikiliza tu, anasema hawa bado, warudisheni juani. Hakukosea. Ndiye aliyemfundisha Kashindye kazi, na Kashindye akawafundisha wengine, na wao wakanifundisha mimi. Nilikuwa nakula kazi ya mikono yake na sikwenda kumtupia udongo. Nililia pale pale, kilio cha sauti, majirani wakachungulia. Kashindye akanipangusa kwa kanga yake, akasema, "Haya. Sasa umefika msibani."

Habari ya kikao sikumuuliza, na yeye hakugusia. Masharti sijayabandika tena. Ofisi nimeihamishia nje, meza naiweka karibu na vichanja, na kabla ya kazi nakunywa uji nao. Wanakaa, lakini bado wananitazama tu. Hakuna aliyeimba.

Vyovyote itakavyokuwa, nakushukuru. Usiseme tena kwamba huna saa ya ukutani.

Mkweo,
Josepha


Kamanga
7 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, Pius anawahi pantoni.

Kikao kilikuwa jana. Niliambiwa nikae nje, nikakaa. Walizungumza mchana kutwa kwa Kisukuma, nikashika neno moja moja. Walipotoka walinipita mmoja mmoja. "Haya, meneja." "Haya, meneja." Kashindye alikuwa wa mwisho. Nikamwuliza kwa macho. Akaniambia, "Nenda ukapumzike," akashuka na wenzake.

Leo nimeamka nikaenda mwaloni, hakuna mtu. Nimepanda kwa Kashindye, mlango umefungwa kwa kufuli. Hata muuza uji hajui walikoenda. Nimerudi nyumbani nimeanza kukunja nguo. Pius ananiambia nisubiri, lakini nawajua sasa, Baba. Wakikasirika hawasemi.

Sitaki uhuzunike. Miezi miwili iliyopita ningeondoka hapa nikiwalaumu wao. Leo naondoka nikiwapenda. Nimewapata Chenge na Revocatus na Odeta, watu ambao sijawaona, na nitakuwa nao popote nitakapopangiwa kazi. Na nimekupata wewe, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nakujua mgongo tu.

Wabeja, Baba. Wabeja sana.

Josepha


Usagara
8 Septemba 2025

Mama Obedi,

Marahaba. Toa nguo kwenye sanduku, zirudishe kabatini. Nimemkataza Pius, aliyeniletea barua yako, kukupigia simu, habari hii ni yangu na nataka niiandike mwenyewe, kwa raha zangu.

Jana asubuhi, wakati wewe unakunja nguo, sisi tulikuwa tumekaa nje tunapukuchua mahindi. Likaingia Fuso uwanjani, limejaa wanawake, wanaimba. Walizungukia Busisi wakapita darajani. Mama yenu alivyoona wanawake wengi hivyo juu ya lori, akajua amekufa mtu. Akaanza kulia kabla hawajashuka. Ikabidi tumnyamazishe.

Akashuka mmoja mrefu, akapiga magoti akaamkia. Nikajua ndiye Kashindye. Hakuanza na habari. Waliomba kwanza mifagio, wakafagia uwanja wote, wengine wakachukua mahindi mikononi mwetu wakayapukuchua yote, wengine wakaingia jikoni kwa mama yenu kana kwamba wamezaliwa humo. Dagaa walikuja nao gunia zima. Tulipokwisha kula ndipo Kashindye akasimama. Alisema kwa sauti kubwa, maana Pius alikwisha watangazia kila mahali kwamba mimi ni kiziwi.

Akasema, "Mzee, jana tumekaa kikao. Tumesema mke wa mwanao abaki. Hatukumwambia yeye, kwa sababu sisi tulivyolelewa mtu akitufaa tunaanza kumshukuru mwenye mji wake. Tumekuja kushukuru. Na wewe ndiye utakayemwambia."

Nilisimama nijibu, mama, nikakaa tena. Nimepakia mizigo, nimefunga kamba, nimepika uji wa watu wasionijua jina, nikaondoka kila mahali kwa mguu wangu na kibegi changu. Hakuna siku mtu alinifuata nyumbani akasema asante kwa kazi. Na walionifuata wamekuja kwa kazi ambayo si yangu, ni yako. Nililia mbele ya wanawake wote wale, na mama yenu akalia, na wao wakaona wasituache peke yetu.

Kisha niliwaambia mimi sikukulea, umelelewa na wazazi wako huko Bukoba, na pia na msimamizi mmoja wa jineri, nahodha mmoja na mpishi mmoja. Wakataka kujua habari zao. Nikawasimulia mpaka jua likaanza kushuka, na lori likapiga honi mara nyingi. Kule kwenye Odeta walicheka wakapigana vikumbo, wakamtazama Kashindye, naye akajifunika uso kwa kanga.

Sasa kuna agizo. Baba yake mmoja wao, yule anayeitwa Hellen, amefariki huko Nyamatongo, maziko ni Jumatano. Wamekwisha gawana kazi. Wewe safari hii hawakukuweka kwenye maji. Wamekuweka jikoni, kwenye kusonga ugali, pamoja na Kashindye mwenyewe.

Mama yenu alipolisikia hilo akashtuka. Akawaambia, "Jikoni? Huyu aliyekuzwa kwa ndizi za Bukoba? Jamani, ugali wake mimi nimeula."

Kashindye akamjibu, "Tunajua, Mama. Tutaula hivyo hivyo."

Baba yako,
Shigela